Kolekole wa Miambani: Ushauri kwa Anayeshuka Pwani kutoka Keroka

Swali hili hurudi kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, na waulizaji ni wale wale: walimu, wenye maduka, madereva na wakulima wa chai wa pande za Keroka wanaopanga kushuka Pwani na familia mwezi wa Desemba. Wameona picha ya mtu amekumbatia samaki mrefu mwenye mgongo wa rangi ya shaba. Wanataka kujua anavuliwa wapi, kwa chombo gani, na kama mtu aliyekulia kando ya mto Gucha ana ubavu wa kumpandisha. Wengine huuliza wakiwa wameshanunua fimbo ya kuvulia Nairobi.

Samaki mwenyewe ni kolekole wa maji ya kina, yule ambaye mashua za kitalii humwita amberjack na wanasayansi humwita Seriola dumerili. Hukaa juu ya miamba iliyo mbali na ufuo na kandokando ya meli zilizozama, mara nyingi kati ya mita 20 na 70, na akitaka hushuka zaidi ya hapo. Urefu wake unaweza kukaribia mita 2. Rekodi ya dunia inayotunzwa na shirika la IGFA ni ya samaki wa kilo 74 aliyevuliwa Japani mwaka 2015. Hata wa kilo 15 humtoa jasho mtu mzima.

Jibu fupi huwaudhi wengi: usinunue vifaa. Pesa yote iliyotengwa iende kwa nahodha anayejua mwamba ulipo. Jibu refu ndilo hili.

Mambo ya ziwani yaachwe ziwani

Samaki wanaojulikana zaidi Gusii ni wa Ziwa Victoria: omena, ngege, mbuta. Kwa hiyo mtu wa Keroka akifikiria uvuvi hufikiria maji yasiyopwa wala kujaa, tena ya kina cha wastani wa mita 40 hivi. Ziwa hilo lote, pamoja na ukubwa wake, penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo. Mkono wa bahari ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Pemba unapita mita 700.

Mgeni ajue mambo matatu kabla hajapanda mashua:

- Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo hukimbia ipasavyo.
- Mkondo mkubwa wa pwani hii, kwa sehemu kubwa ya mwaka na hasa wakati wa kusi, huelekea kaskazini. Mashua haisimami tu juu ya mwamba; husukumwa, na nahodha hulazimika kuirudisha tena na tena.
- Nje ya mwamba mkubwa unaokinga ufuo, mawimbi ni mengine kabisa. Bahari inayoonekana shwari kutoka hotelini si hiyo atakayokutana nayo saa moja baadaye.

Umtambue kwanza

Pwani jina kolekole hubeba samaki wengi wa ukoo mmoja, na mgeni huweza kuonyeshwa karambisi akaambiwa ndiye. Alama za kuangalia ni chache:

- Mwili mrefu, mnene katikati, si bapa kama sahani.
- Mstari mweusi unaopita machoni na kupanda kuelekea mwanzo wa pezi la mgongo. Akisisimka, mstari huo hukolea.
- Ukanda wa manjano hafifu ubavuni, kutoka jichoni hadi mkiani.
- Karibu na mkia hana yale magamba magumu yenye makali aliyo nayo karambisi. Pitisha kidole taratibu, tofauti utaihisi.

Yupo pia ndugu yake, Seriola rivoliana, mwenye pezi refu zaidi la mgongo. Huvuliwa kwa njia ile ile na jikoni hana tofauti ya kumsumbua mtu.

Mwezi gani, na maji gani

Kusi huanza kuvuma karibu na Aprili, na kati ya Mei na Julai mashua nyingi za uvuvi wa burudani hupandishwa nchi kavu kwa ukarabati. Anayepanga likizo ya Agosti anaweza kupata mashua, ila awe tayari kwa upepo na mawimbi. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka na kukaa hadi Machi. Kipindi cha katikati, kile ambacho mabaharia hukiita tanga mbili, ndicho chenye bahari tulivu zaidi: Novemba upande mmoja, Machi upande wa pili.

Desemba, basi, si mwezi mbaya. Ubaya wake ni watu. Mashua nzuri huwekwa mapema na wageni wanaorudi kila mwaka, na anayepiga simu tarehe 20 Desemba huangukia mashua iliyobaki, na iliyobaki ina sababu ya kubaki.

Baada ya mwezi wa kalenda, angalia mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na bamvua huleta mkondo mkali unaokibeba chambo kando kabla hakijagusa mwamba. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, humfaa mgeni, kwa sababu mshipi hushuka wima na anaweza kuhisi kinachotokea chini. Lakini yasife kabisa. Maji yakisimama, kolekole naye husimama, na saa inayofuata maji yakianza kutembea ndiyo yenye neema. Alfajiri na jioni ni bora kuliko saa sita za mchana.

Wapi hasa

Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, ndiko ambako maji ya kina yako karibu. Mashua haihitaji kusafiri nusu siku kufika penye mteremko. Kutoka Mombasa mtu huvuka kwa feri ya Likoni au hupita barabara ya Dongo Kundu, kisha Ukunda na Msambweni. Onyo: mbele ya Shimoni kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite, ambamo uvuvi wa aina yoyote ni marufuku, na pembeni yake Mpunguti, ambako huruhusiwa uvuvi wa kienyeji pekee. Nahodha wa Shimoni aijua mipaka hiyo. Nahodha wa kuokoteza huenda asijali.

Diani, Mtwapa na Kilifi zina mashua pia, na ukingo wa kina kirefu hauko mbali. Watamu na Malindi zina jina kubwa zaidi. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na hadi leo Watamu kuna hoteli yenye jina lake. Lakini jina hilo limejengwa na nduaro na sulisuli, samaki wa juu wanaovuliwa kwa kukokota chambo nyuma ya mashua inayotembea. Hapa ndipo wengi hupotezea siku yao. Mgeni asiposema mapema, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba anataka kuvua chini juu ya mwamba, atakokotwa kuanzia asubuhi hadi alasiri akitazama povu, na atarudi na sehewa wawili. Mabaharia hawana kosa. Ndiyo kazi wanayoagizwa na wageni tisa kati ya kumi.

Na meli zilizozama?

Meli iliyozama huvuta samaki kwa sababu hiyo hiyo mwamba huwavuta: kivuli, mahali pa kujificha dhidi ya mkondo, na vibua wanaozunguka juu yake. Iliyo maarufu zaidi karibu na Mombasa ni MV Dania, meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 upande wa Bamburi ili iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Neno la mwisho ndilo la kuzingatia. Penye wapiga mbizi hapatupwi ndoana. Ukiona boya la wapiga mbizi au mashua yao imetia nanga, nahodha aende kwingine, bila mjadala.

Kuna pia mabaki ya zamani. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, chini ya maji kuna meli ya Kireno ya karne ya 16 inayochunguzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mabaki ya namna hiyo yanalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi. Kuyatia nanga ni kuyavunja.

Kwa mgeni, mwamba wa asili ni bora kuliko meli. Chuma kilichooza hukata mshipi, hunasa ndoana, na humpa kolekole madirisha elfu ya kukimbilia.

Kukodi mashua bila kuliwa pesa

Sehemu hii isomwe mara mbili, kwa kuwa hapa ndipo safari hufaulu au huharibika mtu akiwa bado Keroka.

Bei ya mashua za burudani hupangwa kwa mashua nzima, wala si kwa kichwa. Mtu mmoja akilipa peke yake ataumia. Wanne wakichanga, kila mmoja atatoa kiasi ambacho chama cha kawaida kinaweza kukibeba. Wakizidi wanne, hata hivyo, mishipi itasokotana na nusu yao watashinda wakitazama wenzao. Nusu siku humtosha anayeanza. Siku nzima juani, kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata feri ya Likoni, ni adhabu ya kujilipia.

Kabla ya kutuma shilingi yoyote kwa M-Pesa, uliza:

1. Je, mashua imekaguliwa na kupewa cheti na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA)? Omba picha ya cheti, na utazame tarehe.
2. Jaketi za kuokolea ni ngapi, na kuna ya mtoto? Je, kuna redio, na injini ya pili?
3. Leseni ya uvuvi wa burudani ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya imo katika bei, au kila mtu ajilipie?
4. Mashua ina kipimakina kinachofanya kazi? Bila hicho, kumtafuta kolekole ni kubahatisha.
5. Mafuta, chambo, barafu na maji ya kunywa ni juu ya nani?
6. Bahari ikichafuka asubuhi ile, pesa inarudi, au siku inasogezwa?
7. Samaki akivuliwa ni wa nani?

Swali la saba huwashangaza watu wa bara. Kwa mashua nyingi za kukodi, samaki huwa ni mali ya mashua isipokuwa mmepatana vinginevyo, nao mabaharia huhesabu mauzo yake kama sehemu ya riziki yao. Kupatana ufukweni baada ya samaki kupigwa picha ni kuchelewa, na ndiko kunakozaa kelele. Semeni kabla: tutachukua mmoja, au kilo kadhaa, waliobaki ni wenu.

Vijana wa ufuoni watakuja na ofa nusu ya bei. Baadhi yao ni waaminifu na wana ndugu mwenye chombo. Lakini lipa amana ndogo tu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye mashua, na zilizobaki ulipe ukiwa umesimama mbele ya chombo chenyewe.

Kisha adabu. Mtu wa bara hufika bandarini akaanza na bei. Pwani mzee husalimiwa kwanza, shikamoo na habari za nyumbani, bei baadaye. Anayeruka hatua hiyo hulipa zaidi bila kujua kwa nini. Nahodha aliye Mwislamu ataka kuwa msikitini Ijumaa adhuhuri, kwa hiyo usipange Ijumaa safari inayopita saa tano. Mwezi wa Ramadhani, usimlazimishe baharia aliyefunga kukaa juani hadi jioni.

Lakini hatuna pesa ya mashua ya kitalii

Pingamizi hili ni la haki. Njia ya pili ni kwenda na wavuvi wenyewe. Kila bandari ya wavuvi ina kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, chenye ofisi na mwenyekiti. Pitia hapo, eleza unachotaka, uelekezwe kwa mwenye mashua ya injini anayevua kwa mshipi wa mkono. Gharama hushuka sana na ujuzi huwa mkubwa, maana mtu huyo anakula kwa mwamba huo.

Kinachopungua ni usalama na starehe. Jaketi hakikisha mwenyewe. Ikibidi, nunua yako. Kivuli hakuna. Choo hakuna. Mshipi wa mkono wenye kolekole hukata vidole, basi vaa glavu au vipande vya tyubu ya baiskeli, na usiuzungushe mshipi mkononi hata mara moja. Samaki akikimbia na mshipi umezunguka kiganja, hakuna wa kumwambia asubiri.

Usipande kabisa chombo cha makasia au ngalawa kwenda nje ya mwamba kwa ajili ya samaki huyu. Wenyeji hufanya, wewe si mwenyeji.

Vifaa: vya mashua na vyako

Fimbo za duka la Nairobi zinazouzwa kwa bei nafuu zimetengenezwa kwa samaki wa bwawa. Zikikutana na kolekole huvunjika kwenye kiungo, mbele ya watu. Mashua nzuri ina vifaa vyake, na kazi yako ni kuvikagua tu:

- Mshipi wa kusuka wa nguvu ya pauni 50 hadi 80, usiopungua mita 300 kwenye rili.
- Nailoni nene ya pauni 100 au zaidi, mita 3 au 4 za mwisho, maana mwamba husugua.
- Ndoana za duara, imara, zisizo na kutu.
- Jigi, yaani vipande vya risasi vyenye umbo la samaki, gramu 200 hadi 400. Mkondo ukiwa mkali, nzito zaidi.
- Chubwi za kutosha. Mwamba hula chubwi.
- Chambo hai: kibua au mbono mdogo. Ngisi naye anafaa.

Pitisha kucha kwenye mita za mwisho za nailoni. Ukihisi mikwaruzo, omba ikatwe na kufungwa upya. Baharia mzuri hatakasirika, atakuheshimu.

Vya kutoka navyo nyumbani ni vichache: shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, miwani ya jua, viatu visivyoteleza, glavu, na maji zaidi ya unayodhani utakunywa. Baridi ya Keroka haimwandai mtu kwa jua la saa nne asubuhi juu ya maji.

Sekunde kumi za kwanza

Mbinu yenyewe hujifunzwa kwa dakika tano, na makosa yake pia.

1. Nahodha huutafuta mwamba kwa kipimakina, kisha huipeleka mashua juu ya mkondo ili isukumwe kuujia. Kolekole hupenda kukaa upande unaopokea mkondo, ambao pwani hii mara nyingi ni upande wa kusini. Ukiona wingu la samaki wadogo kwenye kioo, mita kadhaa juu ya mwamba, mwenyewe hayuko mbali.
2. Akisema shusha, shusha mara moja. Kuchelewa nusu dakika ni kuupita mwamba.
3. Jigi ikigusa chini, usiiache ilale. Izungushe rili haraka mizunguko mitano hadi kumi huku ukiipandisha fimbo kwa vipigo vifupi, kisha iache ianguke tena. Mara nyingi samaki hukamata inapoanguka.
4. Kwa chambo hai, gusa chini, kisha pandisha mita 3 hadi 5 na utulie. Utahisi kibua akianza kuhangaika kabla ya pigo lenyewe. Ndipo moyo hukimbia, na ndipo watu huharibu.
5. Usishtue. Aliyezoea kuvua mtoni huipiga fimbo juu kwa nguvu anapohisi mguso. Ndoana ya duara haitaki hivyo. Ukiipiga hutoka kinywani. Ngoja fimbo ilemewe, kisha zungusha rili kwa kasi mpaka mshipi ukaze. Ndoana itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo.
6. Sasa ndizo sekunde kumi. Kolekole aliyenaswa hana hila nyingi: hugeuza kichwa na kurudi mwambani. Akifika, mshipi utakatika. Breki ya rili iwe imeshakazwa kabla ya kushusha, na kazi yako yote ni kumtoa mita 10 za kwanza bila kumpa nafasi. Piga magoti kidogo, bana fimbo kwenye mkanda wa kiuno, vuta kwa mgongo na miguu, si kwa mikono.
7. Akishapanda juu ya mwamba, tulia. Atakimbia tena mara mbili au tatu. Mwache achukue mshipi, kisha mrudishe kidogo kidogo.
8. Karibu na mashua, nyamaza umsikilize baharia mwenye kulabu. Usiinue samaki kwa mshipi. Usirudi nyuma ghafla.

Papa hujifunza pia. Ikiwa samaki wawili mfululizo wamefika juu wakiwa vichwa vitupu, papa amekaa juu ya mwamba huo. Kuendelea pale ni kumlisha, hameni.

Makosa mengine yanayorudiwa na wageni:

- Kukabidhi fimbo kwa mwenzako katikati ya pambano. Mshipi hulegea, ndoana huanguka.
- Kukaza breki zaidi samaki anapokimbia. Ikazwe mapema au iachwe.
- Kupiga picha kila samaki kwa dakika tano huku jua likimpika.
- Kushindana na nahodha kwa sababu simu yako inaonyesha ramani tofauti.

Kichefuchefu

Hakuna anayekiuliza, na karibu kila mtu wa bara hukipata. Kula kidogo asubuhi, kitu kikavu: mkate, ndizi, kiazi kitamu. Usipande na njaa, wala na chai ya maziwa vikombe vitatu. Dawa za kuzuia kichefuchefu hupatikana katika maduka ya dawa, lakini hufanya kazi zikinywewa kabla ya kuondoka, tena nyingine huleta usingizi. Mwulize mfamasia, hasa kama una presha au ni mjamzito. Kaa katikati au nyuma ya mashua, mbali na moshi wa injini, na utazame mstari wa upeo wa bahari. Kutazama simu ndiko kunakowaangusha vijana.

Ukitapika, tapikia upande upepo unakoelekea, unywe maji kidogo, uendelee. Si aibu. Mtu akitapika mfululizo hadi hawezi kushika maji tumboni, safari imekwisha, hata kama samaki ndio kwanza wameanza kula.

Akishatoka majini

Amua haraka kama anarudi baharini au anabaki. Kolekole mdogo huachiwa kwa kutumbukizwa kichwa mbele, bila kukaa juani. Changu na chewa waliopandishwa kutoka kina kirefu hufura tumbo na ni vigumu kuokoka. Kolekole huvumilia vizuri zaidi, basi mpe nafasi hiyo.

Anayebaki atolewe damu papo hapo kwa kukata chini ya matamvua, kisha afukiwe kwenye barafu. Hili si pambo la wapishi. Kolekole ni miongoni mwa samaki ambao nyama yao, ikikaa kwenye joto, hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na mapigo ya moyo kwenda mbio baada ya mlo ndizo dalili zake.

Ipo sumu ya pili, siguatera, inayotoka kwenye mwani mdogo sana wa miambani na kujilimbikiza katika samaki wakubwa wanaokula wenzao. Nayo haiuliwi na moto. Visiwa vya Bahari ya Hindi kama Morisi na Reunion vinaifahamu vizuri. Kwa tahadhari, ini, mayai na kichwa cha kolekole mkubwa sana visiliwe, na wa wastani apendelewe kuliko jitu.

Ukikuta minyoo myeupe kwenye nyama ya karibu na mkia, usimtupe samaki mzima. Huonekana mara nyingi kwa ukoo huu. Kata sehemu hiyo, iliyobaki ipikwe iive sawasawa.

Vipi kuhusu kumpeleka Keroka? Safari ya Mombasa hadi Nairobi kwa treni ya Madaraka ni saa tano au sita, na kutoka Nairobi hadi Keroka ni nusu siku nyingine barabarani. Samaki mbichi kwa njia hiyo anahitaji kugandishwa kwanza hadi awe jiwe, akatwe vipande, afungwe kwenye sanduku la barafu lisilovuja, na utingo aambiwe mapema. Anayeona hilo ni zito afanye kama Pwani ilivyofanya kabla ya friji: apasuliwe, atiwe chumvi, aanikwe awe ng'onda. Huyo hata mama mkwe wa Nyansiongo atampata salama.

Sheria, kwa ufupi

- Hifadhi za taifa za bahari, yaani Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, Kisite na Mombasa, hazivuliwi kabisa. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hushika mashua na waliomo.
- Bunduki ya mshale ya kuvulia chini ya maji imepigwa marufuku Kenya, hata ukiletewa zawadi kutoka ng'ambo.
- Uvuvi wa burudani unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kuwa mgeni wa hoteli si leseni.
- Ukisikia tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi, safari imefutwa. Nahodha anayesema twende tu si wa kupandiwa.

Anayetaka mashua ya Desemba aanze kupiga simu Septemba, akiwa na tarehe mbili zinazoangukia maji mafu na wenzake watatu waliokwisha kuchanga. Fimbo ile ya Nairobi, kama muuzaji amekataa kuirudisha, itawafaa watoto kwenye bwawa la ngege.